Nambari Nilizozipiga Mstari

Wanangu wa maabara, mmeniomba niwaandikie jinsi ya kutunza daftari la maabara, na najua mlitarajia ukurasa mmoja wenye vidokezo kumi. Hampati. Nimepima maji miaka thelathini na mbili, nimestaafu nikiwa na macho yangu na vidole vyangu vyote, na nikianza kuzungumza juu ya daftari huwa chai inapoa. Anayetaka vidokezo akavitafute kwenye simu yake.

Kwa wasionijua, mimi ni Khadija, wa hapa Langoni. Watu wazima huniita Bi Khadija wa Maji. Maabara yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya ghala, pwani ya mji wa Lamu, na kazi yetu ilikuwa kupima visima vya visiwa hivi: chumvi, vijidudu, na kila kisichotakiwa ndani ya maji ya watu. Nimejaza madaftari arubaini na moja. Sijapoteza hata moja, wala hakuna hata moja lililochanwa karatasi. Mkiona najivuna, ndiyo, najivuna. Nimeyafanyia kazi.

Aliyenifunza ni Bwana Mutiso, Mkamba wa huko Machakos, mkubwa wetu wa maabara. Mtu mfupi, sauti kubwa, shati limepigwa pasi hata siku za joto la kaskazi. Amekulia mahali ambapo maji hutafutwa kwa mguu, basi chupa ya maji aliishika kwa mikono miwili. Siku yangu ya kwanza alinipa daftari la jalada gumu, kalamu ya wino, na amri moja: nitie nambari kila ukurasa, kwa mkono, kutoka mwanzo hadi mwisho, kabla sijaandika neno. Kurasa mia mbili! Nilidhani ni adhabu ya kuchelewa.

"Bwana Mutiso, si nitazitia nikifika?"

"Bi Khadija, ukitia sasa, siku ukichana karatasi daftari lenyewe litakushtaki. Tia."

Nikatia. Mkono uliniuma mpaka Magharibi.

Sasa niwape kisa changu cha aibu mapema, ili mjue hamzungumzi na malaika. Mwezi wa pili wa kazi nilitumwa Shela kupima visima vinne. Nikasahau daftari mezani. Nikasema, haidhuru, nitaandika kiganjani nikahamishie nikirudi. Nikaandika nambari zote kwenye mkono wa kushoto, nadhifu kabisa, moja chini ya mwenzake. Kurudi njiani adhuhuri ikaadhiniwa. Mimi na haraka zangu nikaingia nyumba ya shangazi, nikatawadha vizuri, nikasali, nikala na wali. Nilipofika maabara Bwana Mutiso akauliza nambari ziko wapi. Nikatazama kiganja. Cheupe!

"Zimekwenda na udhu, Bwana."

Akacheka hadi akashika meza. Kumaliza kucheka akaufuta uso kwa kitambaa, akasema nifungue daftari niandike: sampuli za leo zimepotea, sababu ni kwamba mpimaji aliandika mkononi akatawadha. Tarehe, saa, sahihi. Nililia, wallahi. Kesho yake nikaenda Shela tena kwa miguu. Ukurasa ule uko hadi leo, ukurasa wa kumi na saba wa daftari la kwanza, na kila mgeni aliyefika maabara alionyeshwa. Zamani nilikuwa nikitoka chumbani wakiusoma. Siku hizi nausoma mwenyewe kwa sauti.

Basi mjifunze hapo. Karatasi pembeni hapana, kiganja hapana, nyuma ya risiti hapana. Mwenzangu mmoja aliandika vipimo vya asubuhi nzima kwenye karatasi ya kuchomoa, akaiweka juu ya ukuta afunge kiatu, punda akaila. Punda wa Lamu mwawajua, hawachagui. Huyo mwenzangu akataka kuzikumbuka nambari kwa moyo. Bwana Mutiso akamwambia, "Kumuuliza punda ni bora zaidi."

Shambani na visimani andika kwa penseli, kwa sababu wino ukirushiwa maji hukimbia na penseli hukaa. Ukifika mezani, andika kwa kalamu ya wino. Andika saa, si "asubuhi". Andika kipimo ulichotumia, yaani kile kifaa cha mkononi, ni kipi, maana kila kipimo kina tabia zake. Andika chupa ya dawa ilifunguliwa lini. Sisi chumvi tulikuwa tukiihakikisha mezani kwa dawa iliyotengenezwa kwa madini ya fedha: unadondosha tone tone mpaka maji ya manjano yageuke mekundu. Dawa ile ikikugusa, ngozi hubaki nyeusi siku kadhaa. Nilikwenda harusi moja na vidole vyeusi, wanawake wakaniuliza piko hii nimepakwa na nani, mbona haina maua. Nikawaambia nimepakwa na serikali. Na rangi ya maji, na harufu, na aliyekuwapo, andika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na mimi naongeza kuwa kazi yako ndiyo mali yako.

Nyinyi mna tableti na mashine zinazojiandikia zenyewe. Vizuri. Sina ugomvi na mashine. Lakini mashine haitakuandikia kwamba ulipofika ndoo ilikuwa imetumbukia kisimani na watu wanaivua.

Kuna amri moja ya Bwana Mutiso niliyoichukia kuliko zote, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Mimi napenda unadhifu. Nyumbani kwangu mwajua, hata mkeka haukai upande. Nilipokosea nambari, nilikuwa na kichupa cha wino mweupe, nikipaka, nikipuliza, nikiandika upya, ukurasa unang'aa. Siku aliyonikamata akakichukua kichupa akakitupa dirishani. Chini mtu wa ghala akapiga kelele.

"Ukikosea, piga mstari mmoja," akasema. "Mmoja! Nambari isomeke. Pembeni andika saa na herufi za jina lako."

"Lakini Bwana, ni kosa. La nini tena?"

"Uliandika kwa sababu uliona kitu. Leo unakiita kosa. Hujui kesho utakiitaje."

Nilinung'unika, lakini nikafuata. Madaftari yangu yakajaa mistari. Kila nikiyafungua nilikuwa nikiona haya, kama mtu aliyeanika nguo za ndani barazani.

Bwana Mutiso alistaafu kabla yangu akarudi kwao kufuga mbuzi. Maabara ikabaki mikononi mwangu. Ndipo yakaja mambo ya kisima cha Kipungani.

Kipungani mwaijua, kijiji kidogo upande wa kusini wa kisiwa, watu wake wavuvi na wasuka mikeka. Walikuwa na kisima kimoja cha kunywa. Kukatokea mradi wa kukijengea pampu na tangi, na wenye mradi wakamtuma mtafiti kutoka bara aangalie kwanza kama maji yafaa. Yakifaa, tangi lijengwe. Yasipofaa, kisima kizibwe kwa saruji, na watu wachote kwingine. Kwingine wapi? Wangenunua madumu ya maji ya kuletwa na punda au mashua kutoka mjini, kila siku ya Mungu.

Mtafiti ni Daktari Nekesa, msichana wa Bungoma, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, mchapakazi, hana mzaha. Akaketi na madaftari yangu siku mbili, akiingiza nambari zangu kwenye kompyuta. Siku ya tatu akaniita.

"Bi Khadija, samahani. Hizi za Kipungani zinanipa shida. Mwezi huu maji matamu, mwezi ujao chumvi, mwezi wa tatu matamu tena. Kisima hakifanyi hivyo."

"Chafanya, ndivyo nilivyopima."

"Nakuheshimu sana. Lakini ama kisima kimeingia chumvi, ama vipimo si vya kuaminika. Kwa vyovyote, siwezi kuandika kwamba watu wanywe."

"Wasema nimezipika?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa adabu, lakini umesema!"

Nilipandwa na hasira, wanangu. Miaka yote ile, kisha mtoto aniambie vipimo vyangu si vya kuaminika, tena ndani ya chumba changu. Nikajitanda buibui nikatoka. Lakini nilipofika chini hasira ikashuka, ikaja hofu. Kwa sababu alikuwa na haki. Nambari zilikuwa zikiruka kweli, na mimi sikujua kwa nini. Ripoti yake ilikuwa iende baada ya wiki moja.

Nikachukua bodaboda hadi Kipungani. Sikuwa na dawa ya jambo lolote; nilitaka Bi Esha asikie kutoka kwangu kabla hajasikia kwa mafundi wa saruji. Bi Esha ni mzee wa pale, nyumba yake ndiyo iliyo karibu na kisima, na kila nilipokwenda kupima ndiye aliyenipa chai. Nilimkuta akisuka ukili wa mkeka. Nikamweleza yote. Vidole vyake havikusimama.

"Wapima wakati gani?" akaniuliza.

"Ninapofika tu."

"Na hufika kwa mashua."

"Mara nyingi. Nyengine kwa nti kavu, kwa bodaboda."

"Ukiya kwa mashua mai huwa yameyaa, au mashua haipiti." Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Khadija, mai yakiyaa kisima chetu hukolea munyu. Hayo twafulia. Ya kunywa twateka yakipwa. Hivyo ndivyo tangu mama zetu."

Maji yakijaa, kisima kina chumvi; yakipwa, ni kitamu!

"Bi Esha! Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Na hilo nalo la kuambiwa? Kila mtu ayua."

Wanangu, mimi ni mzaliwa wa Lamu. Maji yakijaa najua, yakipwa najua, sihitaji kutazama. Nilikuwa nikipanga safari zangu zote kwa bamvua, maji yanapojaa sana, na maji mafu, yanapojaa kidogo. Na katika madaftari arubaini sikuandika maji yako wapi, hata mara moja. Nani aandike jambo analolijua hata mtoto wa chuo cha Kurani? Bwana Mutiso aliyejua kuandika kila kitu alikuwa mtu wa Machakos, hakujua kuwa kuna jambo hapo la kuuliza. Mimi niliyelijua nililiona dogo mno. Astaghfirullah, nilijiona mjinga, na uzee wangu wote.

Nikarudi maabara mbio. Daktari Nekesa alikuwa ametoka kula. Madaftari yako mezani, penseli iko mkononi, na ukutani zimening'inia karatasi za nyakati za maji, mwaka juu ya mwaka. Sasa nisikilizeni vizuri. Kila kipimo nilikuwa nimekiandikia tarehe na saa. Ningeweza kukisia maji yalikuwa wapi siku ile, nikajaza pembeni ya kila mstari: yamejaa, yamepwa, yamejaa. Penseli ile ile, mwandiko ule ule. Nani angejua? Na nisingedanganya, maana ilikuwa kweli. Nikaikaribisha penseli kwenye karatasi. Nikawaona watoto wa Kipungani wakibeba madumu, nikasema moyoni, Khadija, kwa ajili yao.

Nikashindwa. Mkono ulikataa. Daftari huandikwa siku ile ile. Ukiongeza leo, andika ni leo. Ningejaza pembeni, daftari zima lingekuwa uongo hata kama kila neno ni kweli. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika tarehe ya siku ile na maneno ya Bi Esha kama alivyoyasema, nikatia sahihi. Kisha nikaanza kupekua kurasa za nyuma nikitafuta kitu, sijui kitu gani.

Ndipo nikaiona mistari yangu.

Siku nyingi za mashua nilikuwa nimepima mara mbili. Nikifika, napima, chumvi juu. Nasema, ah, kipimo hakijatulia, sikukisuuza vizuri. Naketi kwa Bi Esha, chai, mahamri, maneno ya harusi na talaka. Saa nne au tano zikipita napima tena: matamu. Basi ile ya kwanza naipiga mstari kama kosa, naandika saa na herufi zangu, naishika ya pili. Siku nyingine nahodha hataki kungoja maji yarudi, ananipigia kelele kuwa maji yatoka tutakwama, naondoka na kipimo kimoja tu, cha chumvi. Nambari za kurukaruka zilitoka hapo. Na zile nilizoziita makosa zilikuwa zimekaa pale pale, kila moja na saa yake, zasomeka vizuri.

Daktari Nekesa aliporudi sikumsalimu hata. "Keti," nikamwambia. Nikamwonyesha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mpaka kufika ya nne alikuwa amevuta kompyuta yake na anaandika mwenyewe. Saa yangu, karatasi ya maji, nambari iliyokatwa, nambari iliyobaki. Tulifika kumi na mbili. Zote kumi na mbili zilikubaliana na Bi Esha.

"Hizi ulizikata kwa nini?"

"Nilidhani nimekosea."

"Na mbona hukuzifuta?"

"Kwa sababu aliyenifundisha alikitupa kichupa changu dirishani."

Hakuelewa, lakini alicheka, na tangu siku ile tulipatana. Hata hivyo hakuniachia. Nampenda kwa hilo. Akasema ushahidi wa zamani ni mzuri, lakini twende tukapime siku nzima, kutoka maji kupwa hadi kujaa, kila nusu saa, watu wawili, madaftari mawili, bila kutazamiana. Nikamwambia hata bila wewe ningekwenda.

Tulikaa kando ya kisima kile tangu asubuhi. Jua kali, nzi, watoto wametuzunguka wakihesabu nusu saa kwa simu ya Daktari. Asubuhi, maji ya bahari yakiwa mbali, kipimo kikasema matamu. Nusu saa, matamu. Baada ya adhuhuri maji ya bahari yakaanza kurudi, na kisima hakibadiliki, na Daktari anaandika tu. Nikamtazama Bi Esha. "Bado," akasema, bila kuinua uso kwenye ukili. Chumvi yaja nyuma ya bahari, haiji nayo bega kwa bega. Saa nzima ikapita. Kisha nambari ikapanda kidogo. Ikapanda tena. Alasiri wanawake wakaanza kuja na mabeseni ya nguo, maana kwao saa ya kufua ilikuwa imefika, na hakuna aliyewaambia. Daktari Nekesa akawatazama wale wanawake, akatazama daftari lake, akasema kwa Kiswahili chake cha bara, "Kumbe hawa wote walikuwa na jibu!"

Tukalinganisha madaftari. Hayakutofautiana popote pa maana.

Sasa, jaribio la namna ile hutiwa sahihi na aliyefanya na aliyeshuhudia. Daktari akatia yake, mimi yangu. Nikasema shahidi ni Bi Esha, maana alikuwapo tangu kipimo cha kwanza, na neno la kwanza lilikuwa lake. Daktari akakubali kwa furaha, akaingiza mkono mkobani akatoa kidau cha wino, akamshika Bi Esha kidole gumba kwa upole.

Bi Esha akakivuta kidole chake.

"Weka hicho chako, mwanangu. Mimi nipe kalamu."

Akalivuta daftari magotini, akaanza upande wa kulia wa karatasi, akaandika kwa herufi za Kiarabu kama walivyofunzwa wasichana wa zama zake, taratibu, kila nukta mahali pake. Mwandiko mzuri kuliko wangu na wa Daktari tukiuchanganya. Daktari aliona haya hadi akafunga kidau mara mbili. Akaniuliza pameandikwa nini. Nikamsomea: "Mimi Esha wa Kipungani nalikuwapo. Mai yakipwa ni matamu, yakiyaa yana munyu. Haya twayayua."

"Na chini ya jina tunaweka cheo," Daktari akasema. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. "Bi Esha, tukuandikeje? Mzee wa kijiji? Mkulima?"

Bi Esha akafikiri. Wanawake wenye mabeseni walikuwa wamesimama kumsikiliza.

"Mteka maji," akasema.

Ripoti ilipotoka, ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina matatu na vyeo vyao: mtafiti, mtaalamu wa maabara, mteka maji. Mistari yangu kumi na miwili ilipigwa picha ikatiwa mwisho wa ripoti, na mimi nilimtumia Bwana Mutiso nakala huko kwa mbuzi wake. Tangi likajengwa, na pampu huwashwa maji yakipwa tu. Kisima cha Kipungani hakikuzibwa.